Sungura wa mtoto hapiti njia za panya

Na Mchangiaji Wetu, Moshi

Nilikuwa nimemaliza kuuza vitunguu Taveta, fedha iko mfukoni, jua limeanza kulegea, ndipo nikawaona. Sungura wawili weupe ndani ya tenga, macho mekundu, masikio yamelala mgongoni, wanatafuna marando ya viazi vitamu bila haraka. Binti yangu wa miaka 9 alikuwa akiniomba sungura tangu shule zifungwe. Nikapatana bei, nikalipa, nikafunga tenga kwa kamba na kuelekea Holili.

Sikufika nao mbali. Ofisa wa mifugo aliniuliza swali moja tu: kibali kiko wapi? Nilimjibu kwa kujiamini kwamba mzigo wangu haufiki dola 2,000 za Marekani, kwa hiyo cheti cha uasilia kilichorahisishwa kinanitosha. Alitabasamu kama mtu aliyekwisha kusikia maneno hayo mara mia.

Kosa langu hilo nadhani ni la wengi wetu. Tumezoea cheti kile hata tunadhani kinafungua kila mlango. Lakini cheti cha uasilia ni habari ya ushuru, basi. Hakisemi lolote kuhusu magonjwa. Mnyama hai, awe ng'ombe mia au sungura mmoja wa mtoto, anahitaji karatasi mbili za mifugo: kibali cha kuingiza kinachotolewa na nchi anakokwenda, na cheti cha afya kinachotolewa na daktari wa mifugo wa nchi anakotoka baada ya kumkagua. Kibali ndicho kinachotangulia, kwa sababu ndicho kinachotaja masharti ambayo yule daktari wa upande wa pili atayathibitisha. Ukifika mpakani huna vyote viwili, umeshachelewa.

Nikageuza. Muuzaji alinirudishia nusu ya fedha, na sikumlaumu; yeye hakuniambia nivuke nao.

Njiani kijana mmoja wa bodaboda alinishauri nipite njia za panya. Nilicheka, sungura kupitishwa njia za panya, lakini sikukubali. Wafanyabiashara wa Namanga wanakumbuka vizuri yaliyotokea mwaka 2017, vifaranga 6,400 vya kuku vilivyoingizwa Tanzania kutoka Kenya bila kibali vilipoteketezwa kwa moto, kwa hofu ya mafua ya ndege. Maneno yaliyofuata kati ya nchi hizi mbili yalikuwa makali. Mimi sikutaka kwenda kumweleza mwanangu kwamba sungura wake wamechomwa.

Kuna sababu ya ukali huo hata kwa sungura. Kuna ugonjwa wa virusi unaowaua sungura kwa kuwatoa damu ndani kwa ndani. Uligunduliwa China mwaka 1984. Aina yake ya pili ilionekana Ufaransa mwaka 2010, na ndani ya miaka michache ikaingia barani kwetu: Nigeria mwaka 2020, Afrika Kusini mwaka 2022. Sungura anaweza kuonekana mzima jioni, asubuhi ukamkuta amekufa, pengine na damu puani. Mtu haumwi, lakini huubeba kwenye viatu, kwenye nguo, kwenye majani na kwenye lile tenga. Kwa mtu kama mimi anayelala Taveta leo na Moshi kesho, hilo ni jambo la kufikiria.

Hata hivyo nina neno moja kwa wenye mamlaka: masharti hayo yabandikwe dirishani, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa. Mama anayeuza nyanya hawezi kuyajua kwa ndoto. Na kwa wafanyabiashara wenzangu: sungura hawapungui upande wowote wa mpaka. Kama unataka wawili wa mtoto, wanunue nyumbani. Kama unataka mbegu bora kwa ajili ya biashara, hapo kibali kina maana, kiombe mapema.

Kuchagua

Wiki iliyofuata nilinunua wawili kwa mfugaji wa hapa Moshi. Safari hii nilikwenda na ofisa mifugo wa kata, na nilijifunza kwake zaidi ya nilivyotegemea.

Usimchukue kitoto kabla hajafikisha wiki 8, hata kama muuzaji anakwambia kinakula majani. Tumbo lake bado halijakomaa, na mabadiliko ya chakula pamoja na hofu ya safari humharisha na kumuua. Mtazame pua iwe kavu. Geuza viganja vya mbele utazame upande wa ndani. Manyoya yakiwa yamegandamana, ujue anajifuta mafua. Chungulia masikioni: ukoko kama wa uji uliokauka ni utitiri, na utawaambukiza wengine. Matako yawe safi. Funua mdomo uone meno ya mbele yanakutana sawasawa, maana meno ya sungura hayaachi kuota maisha yake yote, na yasipokutana hayasagani, yanarefuka mpaka anashindwa kula.

Kumbeba nako tumezoea vibaya. Masikio si mpini. Mkono mmoja chini ya kifua, wa pili ushike matako, kisha umlaze kifuani kwako. Mgongo wa sungura ni mwepisi kuliko nguvu ya miguu yake ya nyuma. Akirusha teke hewani hana pa kuegemea, anaweza kujivunja uti wa mgongo mwenyewe.

Nilisafiri nao asubuhi mapema, kwenye boksi lenye matundu na nyasi kavu ndani, miguuni pangu, si kwenye buti wala juu ya gari. Sungura hatoki jasho. Joto analitoa zaidi kwa masikio, na likipita nyuzi 30 yuko hatarini. Ukimwona anahema mdomo wazi na masikio yamekuwa ya moto, yalowanishe kwa maji ya kawaida, si ya barafu, na umpeleke kivulini upesi.

Chakula

Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea, kwa sababu ya picha za vitabu vya watoto. Karoti ni kitu kitamu tu, kama peremende. Chakula chenyewe ni nyasi kavu, ziwepo mbele yake usiku na mchana, zichukue sehemu kubwa kabisa ya mlo wake. Marando, mchicha na majani mengine mabichi ni ya kuongezea, nawe uyaache yanyauke kidogo kwanza. Chakula cha punje cha dukani ni kiganja kimoja, si bakuli. Majani ya mparachichi, ya nyanya na ya viazi mviringo ni sumu, na kisamvu kibichi usimpe. Maji safi yawepo siku zote. Sungura wa kilo 2 anaweza kunywa zaidi ya robo lita kwa siku kukiwa na joto.

Utamwona usiku akila kinyesi chake. Usimfukuze. Kile ni kinyesi laini cha aina ya pekee, kimebeba vitamini na protini ambazo hazikupata kusharabiwa mara ya kwanza, naye hukichukua moja kwa moja kutoka mkunduni. Gololi kavu unazofagia asubuhi ni kitu kingine.

Na gololi hizo ndizo habari yenyewe. Sungura hawezi kutapika. Tumbo lake limeumbwa lisisimame. Likisimama, gesi hujaa, anaumwa, anazidi kukataa kula, na ndani ya siku moja au mbili amekwisha. Sungura aliyekaa saa 12 bila kula wala kutoa choo ni mgonjwa wa dharura, kama mtoto mwenye degedege.

Mimi nililijua hilo nimechelewa. Mwezi wa tatu tangu tuwalete nilikwenda Taveta kwa siku tatu, kama kawaida yetu. Siku ya kwanza jike, ambaye binti yangu alimwita Pamba, aliacha kula. Alikaa kwenye kona, amejikunja, amefumba macho nusu. Mtoto alidhani amenuna kwa sababu sipo. Siku ya pili mke wangu alimtuma kijana kwenye duka la dawa, akarudi na vidonge vya amoksilini, wakamsagia. Niliporudi siku ya tatu usiku, walikuwa wamemfunika kwa khanga.

Ofisa mifugo hakutulaumu, ila alisema jambo ambalo kila mwenye sungura anapaswa kulijua: dawa za jamii ya penisilini zikipitia mdomoni huua bakteria wema wa tumbo la sungura na kuacha wenye sumu. Hata angekuwa anaelekea kupona, dawa ile ingeweza kummaliza. Usimpe sungura dawa ya binadamu, wala ya kuku, bila kumuuliza daktari wa mifugo. Ukoko wa masikioni nao usiubandue kwa kucha. Kuna sindano yake, na kipimo hutegemea uzito.

Alibaki mmoja, ambaye muuzaji alituapia kwamba ni jike. Ofisa mifugo alikuwa na shaka tangu mwanzo, akarudi kumkagua walipotimiza miezi mitatu, na ndiyo, alikuwa dume. Tulikuwa tumeshawatenganisha. Tusingefanya hivyo, mimba ya sungura ni siku 31, na jike anaweza kushika nyingine siku ileile aliyozaa. Mtu huanza na wawili wa mtoto, mwaka haujaisha anatafuta soko.

Sungura peke yake hupooza. Tulimhasi, tukasubiri wiki sita, kisha tukaleta jike mwingine. Huyu alikaa kwenye kizimba chake mwezi mzima, mbali na mwenyeji, akalishwa wa mwisho na vyombo vyake vikaoshwa kando. Halafu vizimba vikasogezwa vitazamane. Walipokutanishwa ilikuwa ukumbini, mahali ambapo hakuna mwenye madai napo, dakika chache kila jioni. Walikimbizana, manyoya yakaruka kidogo. Siku ya tisa tuliwakuta wamelala wameegemeana.

Kizimba chao nimekiinua kutoka ardhini kwa sababu ya mbwa na siafu, kina paa na kivuli cha mwembe, na sehemu ya sakafu ni ubao, maana waya mtupu huwatoa vidonda vya nyayo. Kila jioni huachiwa uani wakimbie. Wakitunzwa vizuri huishi miaka 8 hadi 12, yaani binti yangu atakuwa amemaliza kidato cha sita nao wapo. Babu yake bado anauliza watachinjwa lini. Hakuna anayemjibu.

Biashara sikuiacha. Kabla ya kusafiri naandika kwenye karatasi namba ya ofisa mifugo na kuibandika juu ya kizimba. Kila asubuhi, saa moja kamili, kabla sijafungua gunia la kwanza Taveta, simu inalia. Binti yangu hanisalimu vizuri siku hizi. Anaanza na habari ya gololi: ziko ngapi, kubwa au ndogo, kavu au mbichi. Wateja wangu wamezoea, wanasubiri hadi amalize.