Tope la Xiqiao na shamba letu la Donge

Sikuja Guangzhou kwa habari ya kilimo. Nilimsindikiza mwanangu, ambaye hufuata bidhaa zake huku mara mbili kwa mwaka. Tunakaa Xiaobei, mtaa ambao Kiswahili unakisikia mpaka kwenye ngazi za hoteli, na Ijumaa tunaswali Huaisheng. Lakini akili yangu ilikuwa Unguja. Ndugu zangu wa Muscat wameshakubaliana kuliuza shamba la marehemu baba, Donge, kwa hoja moja: ardhi imekufa. Msimamizi alitutumia picha ya mihogo myembamba kama vidole. Ilibaki sahihi yangu tu.

Mwanangu alipomaliza shughuli za samani kule Lecong, tukapita Xiqiao, wilaya ya Nanhai. Hapo pamehifadhiwa kipande cha kilimo cha zamani cha bonde hili la Mto wa Lulu. Ukiangalia kwa mbali ni mabwawa na matuta tu. Matuta yamepandwa miforsadi.

Asili yake ni mafuriko. Ardhi ya huku ni ya chini, mto ukijaa hakuna kinachosalimika. Basi wazee wao wakachimba mabwawa, na udongo waliochimba wakaurundika kando ukawa matuta ya kulimia. Majani ya mforsadi hulishwa viwavi vya hariri. Vinyesi vya viwavi na mabuu yaliyobaki baada ya hariri kutolewa hutupwa bwawani, samaki wakala. Uchafu wa samaki unashuka chini na kuwa tope. Majira ya baridi bwawa hukaushwa, tope linachotwa na kupandishwa juu ya matuta, na miforsadi inashiba tena. Hata samaki wamepangwa: kuna wa kula majani, kuna wa kula vijidudu vya maji ya juu, na kuna wa kutafuta riziki kwenye tope.

Mwanzoni matuta mengi yalikuwa ya miti ya matunda. Mwaka 1757 mfalme alipoamuru meli za Ulaya zifanye biashara Guangzhou peke yake, hariri ikapanda bei na miforsadi ikatapakaa. Mmarekani mmoja, F. H. King, mtaalamu wa udongo, alifika huku mwaka 1909 akaona watu wanavyobeba tope la mifereji mpaka mashambani. Kitabu chake kilitoka 1911, yeye ameshafariki. Alilotaka kujua ni hili: vipi ardhi inalimwa karne kwa karne na bado inazaa?

Nisiwapake wasomaji mafuta kwa mgongo wa chupa. Sehemu kubwa ya mabwawa hayo leo ni viwanda na magorofa, na wakulima wa China wanatumia mbolea ya dukani kwa wingi sana. Lakini kupokezana mazao hawajakuacha. Guangdong mpunga huvunwa mara mbili kwa mwaka, kisha wengine huweka viazi au mboga wakati wa baridi. Shamba likitoka kwenye maji likawa kavu, wadudu na maradhi ya zao la kwanza hukosa pa kukaa. Kusini mwa China wapo pia wanaopanda mmea wa jamii ya kunde, wala hawauvuni, wanaufukia ardhini kabla ya mpunga.

Hili la kunde nimelisomesha miaka mingi, wallahi, kwa chaki. Ng'oa mkunde uone vinundu mizizini. Ndani yake mna bakteria wanaochukua naitrojeni ya hewani na kuifanya chakula cha mmea. Ndugu zetu wa Oman wanalijua bila ya chaki: chini ya mitende, kwenye maji ya falaj, wanapanda qatt, mbuzi wanakula, samadi inarudi mtendeni.

Sasa nikajiuliza, sisi Donge tumerudisha nini? Muhogo juu ya muhogo, misimu kumi na zaidi. Muhogo unakula sana potasiamu, na sisi mihogo tumeuza, vijiti tumevichoma kuni, makumbi ya nazi tumempa mwenye tanuri la chokaa. Hata jivu halikurudi, na makumbi yale yana potasiamu nyingi! Ardhi haikufa, bwana. Imenyimwa.

Usiku ule nikampigia msimamizi. Nikamwambia vuli hii nusu ya shamba asipande muhogo, apande kunde na choroko, na akishavuna mabua yafukiwe palepale. Mbaazi zikae mipakani. Makumbi asitoe hata moja.

Akanyamaza kidogo. "Mwalimu, na kodi yangu ya msimu huu nitailipa kwa kunde?"

Nikamwambia nusu hiyo hatalipa kodi misimu miwili, nitaijaza mimi. Kisha nikawaandikia ndugu zangu kwenye kundi letu la simu kwamba sahihi sitii mpaka masika ya pili yapite. Kaka mkubwa ameshasoma. Hajajibu bado.