Majalada ya Vitambaa ya Riwaya za Kale: Urithi Unaohitaji Uangalifu

Kabla ya miaka ya 1820, mnunuzi wa kitabu nchini Uingereza kwa kawaida alikipata kikiwa na jalada la muda la karatasi ngumu, kisha akakipeleka kwa fundi ili kijalidiwe kwa ngozi kwa gharama yake mwenyewe. Hali hiyo ilianza kubadilika katika muongo huo, pale mchapishaji William Pickering na fundi Archibald Leighton wa London walipoanza kutumia kitambaa cha pamba kilichotiwa wanga. Wanga huziba matundu ya kitambaa, hivyo gundi haipenyi na kuacha madoa upande wa nje.

Mabadiliko hayo yaliambatana na utaratibu mpya wa kazi. Jalada lilitengenezwa peke yake, na kurasa zilizokwisha kushonwa zikabandikwa ndani yake baadaye. Kwa kuwa jalada lilikuwa bado bapa, liliweza kuwekwa kwenye mashine, ambapo chapa ya shaba iliyopashwa moto iligandamiza dhahabu juu ya kitambaa. Baadaye, wino wa rangi mbalimbali pia ulitumika.

Riwaya za kihistoria zilinufaika na ufundi huo, kwani jalada lilikuwa tangazo la kwanza kwa mnunuzi. Riwaya ya Ben-Hur ya Lew Wallace, iliyochapishwa na Harper & Brothers wa New York mwaka 1880, ilitoka ikiwa na kitambaa kilichopambwa kwa maua. Miongoni mwa wabunifu waliopata sifa nchini Marekani ni Sarah Wyman Whitman wa Boston na Margaret Armstrong wa New York, ambaye alibuni majalada zaidi ya 250. Katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20, majalada ya nje ya karatasi yenye picha yalichukua nafasi hiyo, na mapambo ya kitambaa yakapungua.

Hata hivyo, si kila jalada la kale ni salama. Baadhi ya vitambaa vya kijani vya katikati ya karne ya 19 vilitiwa rangi yenye aseniki, ambayo ni sumu. Tangu mwaka 2019, wataalamu wa Makumbusho ya Winterthur na Chuo Kikuu cha Delaware nchini Marekani wamekuwa wakivitambua vitabu hivyo. Mwaka 2024, Maktaba ya Taifa ya Ufaransa iliviondoa vitabu vinne katika matumizi kwa tahadhari hiyo.

Anayemiliki kitabu cha kipindi hicho chenye kitambaa cha kijani kibichi hana sababu ya kukitupa wala kukichoma. Anashauriwa kuvaa glavu anapokishika, kunawa mikono baadaye, kutokiweka mezani penye chakula, kukihifadhi katika mfuko wa plastiki unaofungwa na kukiweka mbali na watoto. Kwa njia hiyo, urithi hutunzwa na afya hulindwa.