Saa chache mjini Kasese: Jinsi msafiri wa Mpondwe anavyoweza kuzitumia bila kukosa basi

Kila siku, wasafiri wanaovuka mpaka kutoka Kasindi, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, huingia Uganda kupitia Mpondwe, jirani na Bwera. Wengi huelekea Kampala kwa biashara, masomo, matibabu au safari za ndege. Kabla ya kupanda basi la usiku, baadhi yao hujikuta na saa kadhaa za kungoja mjini Kasese, mji mkubwa zaidi kati ya mpaka huo na Fort Portal.

Saa hizo zinaweza kuwa za mapumziko na za kujifunza jambo. Zinaweza pia kumponza msafiri. Anayeachwa na basi hulazimika kulipia malazi ambayo hakuyapanga, na aliye na miadi hospitalini au uwanja wa ndege wa Entebbe hupoteza zaidi ya nauli.

Saa moja inayopotea mpakani

Jambo la kwanza la kuzingatia ni tofauti ya majira. Beni, Butembo na Kasindi hufuata majira ya Afrika ya Kati, ilhali Uganda hufuata majira ya Afrika Mashariki, yaliyo mbele kwa saa moja. Inapokuwa saa 4 asubuhi Kasindi, Mpondwe tayari ni saa 5. Mto Lhubiriha ndio unaozitenganisha saa hizo mbili.

Simu haisaidii kila mara. Karibu na mpaka inaweza kunasa mnara wa upande wa pili na kubadili saa yake bila mwenyewe kujua. Ni busara kumwuliza karani wa basi saa iliyo ukutani mwake, kisha kuilinganisha na ya simu.

Tukichukua mfano, msafiri anafika Kasindi saa 4 asubuhi kwa saa ya Congo na basi lake linaondoka Kasese saa 2 usiku kwa saa ya Uganda. Akitumia muda wa saa mbili mpakani, atatoka saa 7 mchana kwa saa ya Uganda. Kutoka hapo hadi Kasese ni karibu kilomita 60, na kwa kuwa magari madogo ya abiria huondoka yakijaa, inafaa kutenga saa moja na nusu. Atafika saa 8 na nusu. Akitaka kuwa stendi saa moja kabla ya basi kuondoka, muda wake halisi ni saa nne na nusu. Asiyebadili saa yake atadhani ana tano na nusu.

Tikiti nazo husomwa kwa uangalifu. Iliyoandikwa 20:00 ina maana ya saa 2 usiku, na 9:00 ni saa 3 asubuhi.

Kwa nini mpaka haufai kuharakishwa

Shughuli za mpakani hurefuka hasa Jumanne na Ijumaa, siku za soko la Mpondwe. Msafiri hupaswa kugongewa muhuri wa uhamiaji na kuwa na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na kunapokuwa na tahadhari ya ugonjwa hupimwa joto la mwili. Upimaji huo una sababu. Mwezi Juni 2019, mtoto wa miaka 5 aliyeingia na familia yake kutoka Congo alithibitishwa kuwa na Ebola alipofikishwa hospitali ya Bwera. Alikuwa mgonjwa wa kwanza kuthibitishwa nchini Uganda katika mlipuko ulioanza Kivu Kaskazini mwaka 2018.

Ukaguzi wa usalama nao huongeza muda. Mwezi Juni 2023, wapiganaji wa ADF waliishambulia shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, na kuwaua makumi ya watu, wengi wao wanafunzi. Anayekwepa foleni kwa kupita njia za panya huenda akaokoa dakika chache, lakini hukosa muhuri, na kukosa muhuri kunaweza kuikatiza safari nzima mbele ya safari.

Ukiwa na saa mbili

Muda huu hautoshi kwenda mbali na stendi. Thibitisha tikiti, uliza kama ofisi ya basi inapokea mizigo kwa stakabadhi, kisha tafuta chakula. Migahawa ya Kasese huuza obundu, ugali wa muhogo wanaoujua vyema Wakonzo na ndugu zao Wanande wa Congo, na samaki wa maziwa ya George na Edward. Mwenye haraka atapata rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai. Lugha haitakuwa kikwazo kikubwa, kwa kuwa Lhukonzo na Kinande husikilizana na Kiswahili kinaeleweka sokoni.

Ukiwa na saa nne au zaidi

Ziara inayotosha katika muda huu ni Kilembe, kwenye bonde la mto Nyamwamba, umbali usiofika kilomita 15. Shaba ya hapo ndiyo iliyoukuza mji wa Kasese: reli kutoka Kampala ilifika mwaka 1956 ili kuisafirisha. Uchimbaji ulikuwa umesimama kufikia mwaka 1982, na treni za abiria haziji tena, ila majengo ya mgodi na nyumba za wafanyakazi bado yanasimulia enzi hiyo. Patana bei ya bodaboda ya kwenda na kurudi kabla ya kupanda.

Hata hivyo, tazama mlima kwanza. Mto Nyamwamba ulifurika mwezi Mei 2013 na tena Mei 2020, ukaharibu makazi na hospitali ya Kilembe. Mvua ikinyesha juu, maji huweza kushuka kwa ghafla hata kama mjini kuna jua. Siku kama hiyo, baki mjini.

Alama ya Ikweta karibu na Kikorongo, takriban kilomita 20 kusini mwa Kasese, huwavutia wengi. Barabara yake hupita katika hifadhi ya Queen Elizabeth, ambako tembo na nyati huweza kuivuka, hivyo ni heri kwenda kwa gari na kurejea kabla ya jioni.

Milima ya Rwenzori, iliyoorodheshwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 1994, si ya saa chache. Kilele cha Margherita, chenye urefu wa mita 5,109, huhitaji siku kadhaa na mwongozaji. Mpita njia atosheke kuitazama kwa mbali, hasa asubuhi na mapema kabla ya mawingu kuifunika.

Wakati wa kurudi

Anayerejea Congo hurudishiwa ile saa aliyoipoteza, lakini asiitegemee. Ofisi ya Mpondwe hufuata saa ya Uganda na ya Kasindi hufuata ya Congo. Mpaka ukifungwa saa 12 jioni kwa saa ya Uganda, saa yenye majira ya Beni itaonyesha 11 tu.

Kanuni ni moja kwa kwenda na kurudi: anza kuhesabu kutoka saa ya kuondoka, rudi nyuma ukitoa muda wa stendi na wa njiani, na ukiwa na saa zilizobaki chagua jambo moja tu.