JUA MWILI WAKO, JUA NA UNACHOMEZA



Angalieni watu watatu wa ekipi moja. Wanaanza kazi saa moja, wanakula bukari ya namna moja. Wa kwanza ni mwembamba, mikono yake ni baridi hata mchana, usiku anageukageuka kitandani, na tumbo lake linafunga mara kwa mara. Wa pili anatoka jasho kabla hajashika chombo, na njaa ikimpata hasemeshwi. Wa tatu ni kapita wao, mtu mnene na mpole, mzito kuamka, lakini akianza kazi hachoki upesi. Je, chakula kimoja na pumziko la namna moja vinawafaa wote watatu?

Swali hili Wahindi wamelifikiria kwa muda wa miaka 2000 na zaidi. Uganga wao wa kale unaitwa Ayurveda, maana yake elimu ya uhai, na vitabu vyake vikubwa vinaitwa kwa majina ya Charaka na Sushruta. Si jambo lililokufa: tangu mwaka 2014 serikali ya India ina wizara kamili ya uganga huo na ndugu zake. Tunaueleza hapa kwa sababu dawa zake zinasafiri. Jirani anarudi kutoka safari na kopo la unga, mwingine anapelekewa vidonge na jamaa yake. Na kwa mtu wa shaba kuna hatari ndani ya makopo mengine. Tutaifikia.

Wahindi wanasema kila mwili una nguvu tatu. Ya kwanza ni vata, yenye asili ya upepo: kavu, nyepesi, baridi, haitulii. Ya pili ni pita, yenye asili ya moto: inapika chakula tumboni, inatia joto, na ikizidi inatia hasira na kiungulia. Ya tatu ni kafa, yenye asili ya maji na udongo: nzito, baridi, yenye utulivu, inashikilia mwili usivunjike. Kila mtu anazaliwa na zote tatu, lakini moja au mbili zinatawala. Yule mwembamba ni mtu wa vata, mwenye jasho ni wa pita, na kapita ni wa kafa.

Ugonjwa, kwa mafundisho yao, ni nguvu moja kupita kiasi, na dawa yake ni kitu chenye tabia ya kinyume. Mtu wa vata apewe chakula cha moto chenye mafuta na supu, ale kwa saa zilezile, alale mapema. Mtu wa pita apunguze pilipili, pombe na vitu vichachu, akae penye ubaridi. Mtu wa kafa apunguze mafuta na sukari, aache kulala mchana, atembee. Kanuni hiyo mngeweza kuijaribu hapa Lubumbashi bila kitabu. Mwezi wa sita na wa saba upepo ni mkavu, usiku ni baridi, vumbi linajaa puani: Mhindi angesema vata inapanda, mnywe supu ya moto. Mwezi wa tisa na wa kumi jua linachoma kabla ya mvua: pita inapanda, pilipili ingoje.

Wahindi si peke yao. Wagiriki wa kale walihesabu maji manne ya mwili: damu, makohozi, nyongo ya njano na nyongo nyeusi. Mafundisho hayo yalipita kwa waganga wa Kiarabu na kufika pwani ya Waswahili, na mpaka leo huko kuna wazee wanaogawa vyakula kuwa vya moto na vya baridi, hata kama kitu chenyewe kimetoka jikoni sasa hivi.

Sasa, wanganga wa hospitali wanasemaje? Hakuna aliyeipima vata au kafa kwa mashini kama tunavyopima sukari au presha. Lakini mashauri mengi yanayotoka humo ni mazuri: kula kwa saa, kulala vya kutosha, kupunguza mafuta na pombe, kujua kwamba mwili wako si mwili wa mwenzako. Mfanyakazi wa zamu ya usiku anayekula ovyo na kulala saa tatu anajua maana ya upepo kuzidi, hata kama hajawahi kusikia jina la vata. Mama, ukimwekea sombe na ndakala na bukari ya moto saa anaporudi, ukawatoa watoto karibu na dirisha alale, umemfanyia jambo kubwa kuliko kopo zima la unga.

Lakini kuna shauri moja msilifuate kazini. Watu wa kafa wanaambiwa wasinywe maji mengi. Kwenye joto la tanuru au chini ya mgodi, shauri hilo linaweza kuua. Tena ni mtu mnene ndiye anayeshindwa upesi na joto, kwa sababu mafuta yanazuia joto la mwili lisitoke. Penye joto kali kila mtu anywe kikombe kimoja, robo lita hivi, kila dakika 15 au 20, bila kungoja kiu, asipite lita moja na nusu kwa saa. Mwili mpya kwenye joto unahitaji wiki moja au mbili kuzoea, na mtu aliyetoka kwenye likizo ndefu ni kama mpya: aanze polepole. Aliyekunywa lutuku jana, mwenye malaria na anayemeza dawa za presha wako hatarini kuliko wengine, wawe wanene wawe wembamba.

Ukimwona mwenzako anayumba, anasema maneno yasiyo na maana, ngozi yake inaungua, usingoje jasho likauke. Mtu anaweza kuwa bado analowa naye yuko karibu kufa. Mtoeni penye joto, mvueni nguo za kazi, mmwagieni maji baridi mwili mzima, mpepeeni, na mmoja akimbie kumwita munganga. Akiwa amepotewa na akili msimnyweshe kitu.

Turudi kwenye kopo. Dawa nyingi za Ayurveda ni majani, mizizi na mbegu: tangawizi, manjano na vingine vya jikoni. Lakini kuna tawi lake moja linalotumia metali makusudi: zebaki, risasi, shaba, arseniki. Metali zinachomwa na kusagwa mara nyingi mpaka ziwe jivu, na wenye dawa wanasema moto umeondoa sumu. Ninyi wa fonderi mnajua wenyewe. Risasi ukiichoma mara kumi haigeuki kuwa majani. Inabaki risasi, laini zaidi, tayari kuingia kwenye damu.

Mwaka 2004 wanganga wa mji wa Boston, Marekani, walitangaza kwamba walinunua madukani dawa 70 za namna hiyo. Katika 14 walikuta risasi, zebaki au arseniki. Mwaka 2008 walitangaza tena, safari hii dawa 193 zilizouzwa kwa intaneti: kama moja katika kila tano ilikuwa na metali. Nyingine ziliuzwa kama mimea tu.

Mtu anayekaa mbali na migodi akimeza risasi kidogo ni vibaya. Kwetu ni vibaya zaidi, kwa sababu kikombe chetu si kitupu. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walionyesha kwamba watu wa Katanga wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyushia wana kobalti nyingi mno mkojoni, na risasi na kadmi vilevile zimepanda. Mawe ya Kipushi yana zinki na shaba, lakini yana risasi na arseniki pia. Risasi inaleta maumivu ya tumbo, kufunga choo, uchovu, upungufu wa damu, mikono kulegea. Tumbo linalofunga na mwili uliochoka: mnaona jinsi mtu anavyoweza kuambiwa ni vata, akapewa unga ule ule unaomtia ugonjwa. Kwa mtoto risasi inaharibu akili, nayo inapita kutoka kwa mama mwenye mimba mpaka kwa mtoto tumboni.

Neno juu ya shaba yetu. Wahindi wanapenda kulaza maji ndani ya chungu cha shaba na kuyanywa asubuhi. Si upuuzi: watafiti wa huko walionyesha mwaka 2012 kwamba vijidudu vya kuhara vinakufa ndani ya chungu hicho baada ya saa 16. Lakini msichukue kipande cha shaba kilichotoka kiwandani mkakitia ndani ya ndoo ya maji. Hamjui kimechanganywa na nini, wala kimelowa asidi gani. Na hata katika chungu safi, ndimu, maziwa yaliyochacha au munkoyo uliochachuka vinaila shaba, na anayekunywa anatapika. Wasanga wa zamani waliitwa wala shaba kwa sababu walipata utajiri kwayo, hawakuitia mdomoni.

Kama kuna kopo nyumbani, usilitupe kwa siri. Lilete pamoja na karatasi yake kwa munganga, umwambie umekunywa kwa siku ngapi na nani mwingine amekunywa, watoto pia. Umwulize juu ya kupimwa risasi katika damu. Na aliyekuambia uache vidonge vya presha au vya sukari kwa sababu ya unga huo, mtaje kwa munganga siku hiyohiyo, wala usiache vidonge kabla ya kumwona.