UZI: Shilingi imeimarika, mbona bei hazijashuka?

1/ Kila mjadala wa siasa siku hizi una hii sehemu. Mmoja anasema, "Dola ilikuwa 160, leo ni kama 129. Tumeokoa uchumi." Mwenzake anajibu, "Uongo mtupu, mwananchi hajaona chochote sokoni." Makofi pande zote, kisha tunaenda nyumbani. Mimi nasomea sayansi ya siasa, na naona wote wawili wanatupa nusu ya maelezo. Sitataja chama wala mtu. Shuka nami.

2/ Tuanze na kuanguka kwenyewe. Dola ni bidhaa kama nyanya: ikiwa haba na wanunuzi ni wengi, bei inapanda. Mwanzoni mwa 2022 dola moja ilikuwa kama shilingi 113. Mwisho wa 2023 ilikuwa kama 156. Januari 2024 ikapita 160.

3/ Sababu moja ilitoka mbali. Machi 2022 benki kuu ya Marekani ilianza kupandisha riba ili kutuliza bei kule kwao. Kutoka karibu sufuri, riba ikapita asilimia 5 kufikia Julai 2023. Sasa kama Marekani inakulipa hivyo bila wasiwasi, pesa zako utazileta Nairobi za nini? Wawekezaji wengi wakarudisha zao. Uamuzi huo haukupigiwa kura na yeyote hapa Kenya, awe wa serikali au wa upinzani.

4/ Wakati huohuo vita vya Ukraine vilipandisha bei ya mafuta, ngano na mbolea. Hizo zote tunanunua nje, kwa dola. Kwa hivyo dola zilikuwa zinatoka kwa wingi na kuingia kwa uchache.

5/ Sababu nyingine ilikuwa yetu wenyewe. Mwaka 2014 Kenya ilikopa kwa mara ya kwanza kupitia Yurobondi, yaani hatifungani inayouzwa kwa wawekezaji wa nje. Sehemu yake ya miaka 10, dola bilioni 2, ilifaa kulipwa Juni 2024 kwa mkupuo. Tarehe ilijulikana miaka 10 kabla. Lakini kadiri ilivyokaribia, swali likawa moja tu: zitatoka wapi?

6/ Na woga nao hushusha sarafu. Ukiwa muagizaji wa bidhaa na unahisi dola itakuwa ghali kesho, unanunua leo hata kama huihitaji. Ukiwa unauza chai nje na umelipwa dola, huna haraka ya kuzibadilisha. Kila mtu anajikinga, na kwa kujikinga wote wanaiangusha shilingi zaidi.

7/ Februari 2024 mambo matatu yalifanyika karibu pamoja. Benki Kuu ya Kenya (CBK) ilipandisha riba yake kutoka asilimia 12.5 hadi 13. Serikali ikauza Yurobondi mpya ya dola bilioni 1.5 na kulipa sehemu kubwa ya ile ya zamani kabla siku yake kufika. Halafu ikauza hapa nyumbani hatifungani ya miundombinu yenye riba ya zaidi ya asilimia 18.

8/ Woga ukaisha. Waliokuwa wameficha dola wakazitoa, wageni nao wakaleta zao kufuata ile riba tamu. Kufikia katikati ya mwaka dola ilikuwa karibu 130. Kwa hivyo anayesema shilingi iliimarika anasema kweli. Ila kuna sentensi inayofuata, na hiyo huwa haisemwi jukwaani.

9/ Sentensi yenyewe: utulivu ule tuliununua. Yurobondi ya zamani ilikuwa na riba ya asilimia 6.875. Mpya ni 9.75. Piga hesabu kwa dola bilioni 1.5: tofauti ni kama dola milioni 43 kwa mwaka. Kwa kiwango cha 129, hizo ni zaidi ya shilingi bilioni 5 kila mwaka. Deni halikuisha, tulilisogeza mbele kwa bei ya juu.

10/ Wapinzani nao wasikwepe swali hili: mlitaka tufanye nini? Riba ya 2014 haikuwepo tena sokoni. Na kushindwa kulipa si mchezo. Zambia ilishindwa Novemba 2020. Ghana ilisimamisha malipo ya madeni mengi ya nje Desemba 2022, na mwezi huohuo mfumko wa bei kule ulikuwa unapita asilimia 54. Anayesema "tungekataa kulipa tu" atuambie hiyo sehemu pia.

11/ Haya, bei. Hapa ndipo tunachanganywa zaidi. Mfumko wa bei ni mwendo wa bei, si bei yenyewe. Matatu ikipunguza mwendo kutoka 100 hadi 30, haijarudi nyuma. Bado inaenda mbele, polepole tu.

12/ Chukua kapu la vitu vya shilingi 1,000 Oktoba 2021. Mfumko wa Oktoba 2022 ulikuwa asilimia 9.6, kapu likawa 1,096. Oktoba 2023 ulikuwa 6.9, likawa kama 1,172. Oktoba 2024 ulishuka hadi 2.7, na kapu likafika kama 1,203. Mfumko umeshuka? Ndiyo. Kapu limeshuka? Hapana. Kama mshahara wako bado ni ule wa 2021, hesabu unaijua.

13/ "Lakini mafuta tunanunua kwa dola!" Ni kweli, na yalishuka. Petroli Nairobi ilifika shilingi 217.36 kwa lita Oktoba 2023. Julai 2024 ilikuwa chini ya 190. Kwa hivyo "hakuna kilichoshuka" si kweli. Ila kuna sehemu ya ile bei isiyojali dola. VAT ya mafuta ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16 Julai 2023. Ushuru wa kukarabati barabara ulitoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita Julai 2024. Hizo ziliamuliwa hapahapa.

14/ Sasa riba. CBK ikipandisha, benki zinapandisha. Mwaka 2024 wastani wa riba za mikopo ulipita asilimia 16. Na kama serikali inalipa 18 bila kuchelewa, benki itahangaika na mwenye duka ya nini? Shangazi yangu alienda kuomba mkopo wa kuongeza stoki mwaka huo. Alipotajiwa riba, aliaga akarudi dukani kwake. Msichana aliyetaka kumwajiri hakuajiriwa. Huyo pia alilipia dola ya 129, na hakuna anayemtaja.

15/ CBK ilianza kushusha riba Agosti 2024, na katikati ya 2025 ilikuwa chini ya asilimia 10. Lakini riba za benki hupanda kwa lifti na kushuka kwa ngazi.

16/ Na madeni hulipwa kwa kodi. Mswada wa Fedha wa 2024 ulilenga kukusanya kama shilingi bilioni 346 zaidi. Unajua kilichofuata Juni. Vijana wa rika langu waliuawa barabarani kabla uondolewe. Ndiyo maana siwezi kusikia "uchumi mkubwa" kama somo la darasani tu. Ni swali la nani abebe mzigo, na unabebwa kila siku tukijua tusijue.

17/ Kwa hivyo mjadala ujao, ukiskia "tumeimarisha shilingi", uliza: kwa riba gani, na nani anailipa? Ukiskia "shilingi ni uongo", uliza: ninyi mngelipa lile deni na nini? Na yeyote akisema mfumko umeshuka, muulize mishahara nayo imeenda wapi.

18/ Asiyeweza kujibu, hata kama ni wa upande wako, usimpigie makofi bado. Uzi ujao: kwa nini serikali hukopa hata ikiwa imeongeza kodi. Maswali weka hapo chini, nitajaribu kuyajibu yote.