"Nguvu" Haitoshi: Istilahi za Kuchagua Kapasita ya Kikuza Sauti

Hivi karibuni tuliletewa rasimu ya mwongozo wa matengenezo ya kikuza sauti ili tuikague kabla haijapigwa chapa. Mfasiri alikuwa ameandika hivi: "Kapasita mpya iwe na nguvu sawa na ile ya zamani, au zaidi." Sentensi hii haina kosa la sarufi. Hata hivyo hatukuweza kuipitisha. Katika ukurasa ule ule neno nguvu lilikuwa limebebeshwa maana tatu zilizo mbalimbali, na fundi ambaye angeufuata mwongozo huo angeweza kununua kifaa cha kumpasukia usoni. Tumeona inafaa basi tueleze dhana zinazohusika, na istilahi tunazopendekeza kwa kila moja.

Kazi ya kapasita

Kikuza sauti, ambacho mafundi wengi hukiita amplifaya, hupokea mawimbi dhaifu ya umeme kutoka kwenye redio au maikrofoni, na kuyakuza kabla ya kuyapeleka kwenye spika. Ili kifanye kazi hiyo, huhitaji umeme uliotulia. Lakini umeme utokao ukutani ni mkondo geu, yaani mkondo unaobadili mwelekeo wake. Katika Afrika Mashariki hukamilisha mizunguko 50 kwa sekunde. Transfoma huipunguza volteji yake, na diodi huulazimisha mkondo huo kuelekea upande mmoja. Hata hivyo, umeme huo bado huja kwa mapigo, 100 kila sekunde.

Hapo ndipo kapasita inapohitajika. Pigo linapopanda, kapasita hupokea chaji. Pigo linaposhuka, huitoa. Mfano wake ni pipa la maji katika nyumba ambayo bomba lake hutoa maji kwa vipindi: wachotao pipani hawatambui kwamba bomba lilikatika.

Kapasita zitumikazo hapo aghalabu ni za elektroliti. Ndani yake mna majimaji ambayo hukauka kadiri miaka inavyopita. Yakikauka, mapigo hupenya hadi kwenye spika, na msikilizaji husikia mvumo mzito usiokoma. Ndipo kapasita mpya inapotafutwa.

Kuhusu jina, tunapendekeza kapasita badala ya kondensa. Kondensa limetokana na jina la zamani la Kiingereza, na mafundi wa majokofu hulitumia kwa kifaa kingine kabisa, kile kinachogeuza mvuke kuwa kiowevu.

Istilahi zinazohitajika

La kwanza ni kapasitansi, yaani kipimo cha chaji ambayo kapasita huweza kuhifadhi kwa kila volti moja. Neno uwezo peke yake halifai, kwa kuwa tayari lina kazi nyingi. Kizio chake ni faradi, kilichoitwa kwa jina la mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday (1791–1867). Lakini kapasita za vikuza sauti hupimwa kwa mikrofaradi, yaani sehemu moja ya milioni ya faradi. Hapa mfasiri ajihadhari. Kwenye kapasita za zamani herufi MFD, au MF, husimama badala ya mikrofaradi. Atakayeandika milifaradi atakuwa ameikuza hesabu mara 1000. Kwa hiyo tunashauri neno hilo liandikwe kwa ukamilifu.

Kapasitansi ya kapasita mpya iwe sawa na ya zamani, au izidi kidogo tu. Penye 4700 mikrofaradi, 5600 hazina dhara. Lakini ikizidi mno, kapasita iliyo tupu huvuta mkondo mkubwa mara swichi inapowashwa, na mzigo huo huziangukia diodi na fyuzi.

La pili ni volteji ya kikomo, yaani volteji ya juu ambayo kapasita imeundwa kuistahimili. Volteji ni dhana. Volti ni kizio cha kuipimia. Rasimu tuliyoitaja ilisema kwamba transfoma ina "nguvu ya volti 30", na msomaji angedhani kwamba kapasita ya volti 35 ingetosha. Sivyo. Zile volti 30 ni volteji fanisi, nayo ndiyo huandikwa kwenye transfoma. Kapasita hujaa hadi kufikia volteji ya kilele, ambayo hupatikana kwa kuzidisha volteji fanisi kwa 1.41, hivyo 30 huwa 42 hivi, baada ya hapo diodi hupunguza volti moja au mbili tu. Umeme wa ukutani ukipanda kwa asilimia 10, kilele nacho hupanda na kupita 45. Kapasita ya volti 35 ingechemka na kupasuka. Ya volti 50 ingekuwa ukingoni. Ya volti 63 ndiyo ifaayo. Volteji ya kikomo yaweza kuzidi ile ya zamani, bali isipungue kamwe.

La tatu ni kiwango cha joto. Kapasita nyingi huandikwa nyuzi 85 au 105 za Selsiasi. Mafundi hukadiria kuwa kila joto linapopungua kwa nyuzi 10, maisha ya kapasita huongezeka takriban maradufu. Kwa hiyo aliyeondoa ya nyuzi 105 asirudishe ya 85, hasa ikiwa karibu na transfoma au vipoza joto.

La nne ni ncha, yaani chanya na hasi. Kwenye kapasita nyingi za elektroliti mstari uliochorwa ubavuni huonyesha ncha hasi. Zikigeuzwa, kapasita huharibika, na yaweza kupasuka.

Aidha, tunawasihi wafasiri watofautishe kuzima na kuondoa chaji. Kapasita huweza kubaki na chaji hata baada ya plagi kuchomolewa. Mwongozo usemao "zima kabla ya kushika" haujamlinda fundi. Useme: "zima, chomoa plagi, ondoa chaji kwa kutumia kizuizi, kisha pima volteji kabla ya kushika."

Sentensi iliyosahihishwa

Kwa kuzingatia hayo, sentensi ya mfasiri wetu tuliiandika upya hivi: "Kapasita mpya iwe na kapasitansi sawa na ya zamani, au iliyozidi kidogo, volteji yake ya kikomo na kiwango chake cha joto visipungue vya zamani, na ncha zake ziunganishwe kama zilivyokuwa."

Yamkini baadhi ya wasomaji wataona kuwa sentensi hii ni ndefu na ina maneno ya kukopa. Ni kweli. Lakini neno nguvu halikosi kazi katika Kiswahili; lililokosekana ni mipaka yake. Maneno "au zaidi" yana maana moja katika volteji na nyingine katika kapasitansi, na fundi hawezi kuijua tofauti hiyo ikiwa sisi tumeificha ndani ya neno moja. Walimu wa shule za ufundi na mafundi wenye istilahi zilizokwisha kuzoeleka katika karakana zao wanaombwa watuletee, ili tuzipime pamoja na hizi.