Mtandao Mzima Ndani ya Kompyuta Moja

Ndugu wasikilizaji, hakuna anayefundishwa kuogelea katikati ya mto Ruvuma wakati wa mafuriko. Nimelikumbuka jambo hilo baada ya kijana mmoja wa Kitaya kuniuliza: "Shikamoo mzee. Nasomea mitandao ya kompyuta, lakini sina ruta wala swichi. Nitafanyia wapi mazoezi?"

Swali hilo si dogo. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilipata hitilafu kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikayumba nchini kwetu. Siku kama ile wanahitajika mafundi wanaojua kuhamisha mawasiliano kutoka njia moja hadi nyingine. Lakini ufundi huo haujifunzwi kwa kuuchezea mtandao unaotegemewa na wananchi.

Katika mtandao wa kawaida, kila kifaa hujiamulia chenyewe taarifa zipite wapi. Katika mtandao unaoongozwa na programu, swichi zote hupokea amri kwa msimamizi mmoja, mithili ya askari wa barabarani anayeyaona makutano yote ya mji kwa pamoja. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitengeneza Mininet, wakaieleza mwaka 2010. Programu hiyo huigiza mtandao wa namna hiyo ndani ya kompyuta moja tu.

Kwanza, weka VirtualBox, programu ya bure inayounda kompyuta pepe, yaani kompyuta ya kuigiza ndani ya ile ya kweli. Ukiharibu kitu humo, unaifuta na kuanza upya. Pili, tafuta faili la Mininet lililokwisha kuandaliwa. Ni kubwa, hivyo lipakue ukiwa Mtwara mjini, ulibebe kwenye flashi. Tatu, liingize katika VirtualBox, litengee kumbukumbu ya gigabaiti 1, kisha washa. Jina la kuingilia ni mininet, na neno la siri ni hilo hilo. Nne, andika sudo mn. Utapata kompyuta 2, swichi 1 na msimamizi. Andika pingall uone kama zinawasiliana. Kata waya kwa kuandika link s1 h1 down, upime tena: kimya.

Hapo ndipo somo linapoanza. Ukizoea, unganisha swichi 3 kwa duara ili pawe na njia mbili, ukimwacha msimamizi yule yule wa mwanzo. Utadhani mtandao umeimarika, kumbe ujumbe utazunguka bila kikomo mpaka mtandao uelemewe. Njia ya pili haina faida mpaka mtu aandike maagizo ya lini itumike na vipi.

Basi kijana wetu, kosea humo ndani, ambamo kosa lako halimkatii mtu simu. Siku waya wa kweli utakapokatika tena, tusianze kuulizana nani anajua.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.